Skramu, kanbani au mseto: timu ya watu saba inayohudumia SACCOS ishike ipi?

Mtaa_wa_Pili
Wakuu, habari za majukumu. Naomba mnisaidie kuchagua, maana ofisini tumegawanyika.

Tuko saba hapa Dar: watengeneza programu wanne, mpimaji mmoja, dada wa huduma kwa wateja, na mimi ninayeratibu. Tunauza mfumo wa SACCOS: hisa, akiba, mikopo, gawio. Miaka yote tulikwenda kwa hatua. Andika mahitaji, mteja asaini, jenga, pima, kabidhi. Shida yake mnaijua: mteja anasaini kurasa ambazo hajasoma, halafu siku ya kukabidhiwa ndipo anasema "lakini sisi mkopo wa dharura hatukati hivyo". Bosi akataka tuhamie ajaili, yaani kujenga kidogo kidogo na kumwonyesha mteja mapema, tukaanza skramu, ambapo kazi inapangwa kwa vipindi vifupi viitwavyo sprinti; zetu ni za wiki mbili.

Sasa sprinti haifiki Ijumaa ya kwanza bila kuvunjwa. Mteja anamtumia bosi ujumbe wa sauti WhatsApp, bosi anausukuma kwenye grupu la kazi, na wa kwanza kuusikiliza anaacha alichokuwa akifanya. Kikao cha asubuhi kinakula dakika arobaini. Na mikataba yetu bado ni bei moja na orodha ya vipengele iliyofungwa.

Kijana mmoja anasema twende kanbani, yaani ubao wa kadi ambapo kazi inapita safu kwa safu bila kufungwa kwenye sprinti. Mwingine anasema turudi tulikotoka. Mnaonaje?

Nahodha76
Mkuu, kabla hujaitupa skramu, nijibu kwanza: kwenu mwenye bidhaa, yaani anayeamua kipi kijengwe kwanza, ni nani? Mwongozo wa skramu wa waasisi wake, Schwaber na Sutherland, toleo la 2020, unataka awe mtu mmoja, si kamati, na asiyeridhika na mpangilio wa kazi aende kumshawishi yeye. Kama ni bosi, basi akae nanyi siku ya kupanga sprinti na aseme mwenyewe kipi kitoke ili chake kiingie. Kama ni wewe, ujumbe wa sauti uje kwako, usiende kwenye grupu. Hapo mlipo mwenye bidhaa ni yeyote mwenye simu ya bosi.

Kikao cha asubuhi: dakika 15 na mlango unafungwa. Fanya jaribio dogo kesho. Angalia watu wanamtazama nani wakiongea. Wakikutazama wewe au bosi, hiyo ni ripoti, na ripoti lazima iwe ndefu, kila mtu anajitetea. "Jana nilikuwa naendelea na ile kazi, leo nitaendelea nayo." Hakuna aliyejifunza kitu. Yale maswali matatu ya jana, leo na vikwazo hata kwenye toleo hilo la 2020 yameondolewa. Simameni mbele ya ubao, anzeni na kadi iliyo karibu kuisha, muulizane nini kinaizuia.

BintiPangani
Kaka Nahodha unazungumzia timu yenye utulivu. Hawa wana wateja wanaoutumia mfumo tayari, na hitilafu ya mahesabu kwenye SACCOS haisubiri wiki mbili. Mimi niko upande wa kanbani.

Ila tusidanganyane. Wengi wanaosema wanafanya kanbani wana orodha tu kwenye Trello, ile programu ya ubao wa kadi. Kanbani bila ukomo wa kazi zilizo mkononi ni ubao wa matangazo. Hesabu yake ni nyepesi: mkiwa na kazi 12 zilizoanzwa na mnamaliza 3 kwa wiki, kila kazi inakaa kwenu wastani wa wiki 4. Mkikubaliana zisizidi 6, na kasi ikabaki ileile, ni wiki 2. Hujaajiri mtu, hujamkemea mtu. Ugumu uko kwa bosi, kwa sababu akileta ya saba anaambiwa "sawa, tuchague ipi isubiri".

Safu ya kuangaliwa kwa jicho kali ni "Inasubiri mteja". Ikijaa, usianze kazi mpya. Mpe dada wa huduma zile kadi apige simu moja baada ya nyingine.

Wa_Kileleshwa
Salamu kutoka Nairobi. Dada, hapo kwa ukomo tuko pamoja. Lakini SACCOS ina mkutano mkuu wa mwaka, na gawio lazima liwe limehesabiwa kabla ya siku hiyo. Mwenyekiti hataki kusikia wastani, anataka tarehe. Kanbani mtu akiiendesha vibaya, kila kitu ni "inakuja".

Sisi tulitenganisha. Mtengenezaji mmoja kila wiki yuko zamu: hitilafu, maswali ya wateja na dharura zote ni zake, anaziendesha kwa kanbani. Waliobaki wana sprinti yao na hawaguswi. Jumatatu zamu inahama. Mwanzoni wakubwa walilia kwamba tunapoteza mtu mzima. Mtu huyo mlikuwa mnampoteza tayari, ila vipandevipande kutoka kwa kila mmoja.

Jambo lingine, zile pointi za kukadiria ukubwa wa kazi. Siku meneja ataanza kuuliza mbona timu hii ina 40 na ile 25, wiki ijayo kila kadi itakuwa kubwa ghafla. Zikae ndani ya timu.

BintiPangani
Tarehe inapatikana, boss. Angalia kadi zilizokwisha: kama nane kati ya kumi ziliisha ndani ya siku kumi na mbili, mwambie mwenyekiti siku kumi na mbili na umweleze hatari iliyobaki. Ni ya uhakika kuliko makisio ya kikao. Wazo la zamu lakini nimelipenda, nalichukua.

Karani_Mstaafu
Vijana, mnaruka mkataba, na ndiko nyumba inakoungulia.

Kwanza nitetee kidogo njia ya hatua. Winston Royce, mtaalamu wa programu ambaye mchoro wake wa 1970 wa kazi kwenda hatua kwa hatua ndio unaobebeshwa lawama zote, aliandika papo hapo kwamba kuufuata vile ulivyo ni hatari na kunakaribisha kushindwa. Waliouchukua waliishia kwenye picha. Hata hivyo ziko kazi zinazotaka hatua. Kuhamisha leja za zamani za wanachama kuingia kwenye mfumo mpya si kazi ya kujaribujaribu kila wiki mbili. Unasafisha majina, unalinganisha masalio, unapata saini ya mhasibu na ya kamati ya usimamizi, ndipo unahamisha. Hapo usiniletee sprinti.

Kwa vingine, msiguse bei wala tarehe, mteja hatakubali. Gusa kiambatisho. Weka kifungu kimoja: kipengele ambacho kazi yake haijaanza kinaweza kubadilishwa na kingine chenye ukubwa sawa, kwa barua pepe ya mtu mmoja aliyetajwa upande wa mteja, bila malipo ya ziada. Halafu malipo yafuate vipengele vinavyotumika, si nyaraka zilizowasilishwa. Wateja wenye bodi wanakipenda kifungu hiki kwa sababu wanakiona kama wamepewa kitu. Taasisi za umma ni ngumu zaidi, huko zabuni imeshafunga kila kitu kabla hujafika.

Mama_Miradi
Mimi si mtu wa programu, niko kwenye mradi wa lishe Mwanza, bajeti ya mwaka imefungwa na mfadhili anataka ripoti kila robo. Tuliacha maneno yote ya skramu, tukabaki na ubao ukutani na kikao cha kujitathmini kila mwezi. Yanatutosha.

Mtaa_wa_Pili
Shikamoo mzee Karani, kile kifungu nakipeleka kwa mwanasheria wetu leo. Asanteni nyote.

Nimeongea na bosi. Tunachukua zamu ya wiki kama ya Nairobi, ukomo wa kazi mbili kwa aliye zamu, na sprinti kwa watatu waliobaki. Uhamishaji wa leja unabaki kwa hatua. Ujumbe wa sauti utakuja kwangu, ingawa hapo bosi aliguna.

Swali moja: tuna kadi imeandikwa "Riba" na imekuwa "karibu inaisha" tangu mwezi uliopita. Tunaikataje?

Nahodha76
"Riba" hiyo ni sura nzima ya kitabu, mkuu. Anza na: mwanachama analipa rejesho kwa tarehe, riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua. Ikiisha hiyo, mhasibu mmoja wa mteja aijaribu kwa mkopo halisi na alinganishe na daftari lake. Kadi ya pili, amelipa zaidi ya rejesho. Ya tatu, amechelewa. Ya nne, amemaliza mkopo mapema, na hiyo ndiyo itakayowasumbua, kwa hiyo muulizeni mteja sasa kama kanuni zake zinamrudishia riba ya miezi iliyobaki au la. Jibu likichelewa, kadi iende "Inasubiri mteja" na tarehe iandikwe juu yake.