Chipsi za oveni zinalegea, nakosea wapi?

Wakuu habari, chipsi zangu za oveni zinatoka zimelegea kama viazi vya kuchemsha, naweka digrii 180 nusu saa nzima na mafuta vijiko viwili, shida nini?

— 180 ndogo mkuu, panda mpaka 220. Halafu ukishakata loweka maji baridi dakika 30 wanga utoke, utaona maji yanakuwa meupeee, kisha futa na taulo zikauke kabisa maana maji ndo mchawi hapo

— Na usirundike, kila kipande kikae chenyewe kwenye trei. Chumvi mwishoni.

— Mi napakaza na konflawa kidogo, ukitafuna mpaka jirani anasikia

— Asanteni, najaribu leo luku ikiruhusu 😂