Mnaopuliza dawa asubuhi malenge yakiwa na maua, mnatuharibia mavuno

Wadau, leo nitasema hata kama kuna watakaokasirika. Huku Shinyalu, Kakamega, jirani yangu huleta kijana wa pampu saa mbili asubuhi, saa ile ile nyuki wamejaa kwenye maua. Nimemwomba kwa upole, nikaomba tena. Jibu lake: "Kwani nyuki ni wako?"

Si wangu. Lakini malenge ni yangu!

Ua la malenge hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limeshajikunja wala halifunguki tena. Ua dume liko peke yake na ua jike peke yake. Jike utalijua kwa kale kalenge kadogo kaliko chini yake. Chavua, ule unga wa ua dume unaopaswa kufika kwenye ua jike, ni nzito na inanata, upepo hauiwezi. Haya si mahindi. Asipokuja mdudu asubuhi hiyo, basi. Kile kilenge kinageuka manjano kuanzia nchani, kinalegea, kinaoza, kinaanguka. Kikichavushwa nusunusu kinakua kimepinda upande mmoja, na sokoni hakuna anayekitaka.

Sasa kinachoniudhi zaidi ni hiki. Mtu akiona vilenge vinaanguka anakimbilia agroveti. Mimi mwenyewe niliambiwa na muuzaji mmoja, bila hata kuulizwa kama naona nyuki shambani, kwamba huo ni ugonjwa, ninunue dawa ya ukungu. Yaani shamba limekosa wadudu kwa sababu ya dawa, na tiba ni dawa nyingine, ipulizwe asubuhi vilevile! Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku imidaklopridi, dawa ya kuua wadudu, mashambani mwaka 2018, ikabaki kwenye vitalu vilivyofunikwa tu, na sababu ilikuwa nyuki. Someni lebo kabla ya kufungua chupa, jamani.

Na ninyi mnaosema kipepeo ni mama wa viwavi tu: ndiyo, wapo wanaotaga kwenye milimau. Lakini kipepeo mzima anafyonza nekta, na chavua inamshika miguuni na kwenye mrija wake anapohama ua hadi ua. Hambebei mkulima chavua nyingi kama nyuki, ila anafika mbali. Tunaishi kando ya msitu wenye mamia ya aina za vipepeo, halafu tunawamaliza wakivuka tu uzio.

Karakara je? Ua lake ni kubwa, nyuki mdogo anaiba nekta chini bila kugusa chochote. Anayelifaa ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, kwa sababu mgongo wake unapangusa chavua. Huyo ndiye mnammwagia mafuta taa kwenye matundu ya paa.

Siku hizi naamka mapema, nachuma ua dume, nalivua petali na kulipaka kwenye ua jike kwa mkono. Kwa kishamba changu inawezekana. Mwenye ekari nzima atamlipa nani kazi hiyo?

Pulizeni jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Na kama hakuna mdudu mharibifu uliyemwona kwa macho yako, maua yakiwepo acha pampu nyumbani.

Walio Vihiga, Bungoma, Busia: kuna kijiji ambako wakulima wamekubaliana saa za kupuliza? Mliwashikaje wakaidi? Nataka kulipeleka kwenye baraza la chifu nikiwa na mfano mkononi.