Sebule ya kutuliza akili hapa Dodoma: jipsamu na marumaru, au niru na rangi ya udongo?

Mkazi_Nzuguni
Habari zenu wadau. Nyumba ipo Nzuguni, plasta imeshakauka, sasa hivi sebule ndo inaniumiza kichwa. Nataka nikitoka kazini Mtumba nikifungua mlango akili itulie, na mgeni akiingia ajue hapa wanaishi watu gani. Fundi ananishauri jipsamu ya ngazi mbili yenye taa za stripu, ukuta kijivu, marumaru nyeupe za kung'aa. Mke wangu anataka niru nyekundu (ile sakafu ya saruji iliyolainishwa na kutiwa rangi), ukuta krimu na udongo, silingibodi ya kawaida, mikeka na vitu vya kwao Mpwapwa. Bajeti inabeba upande mmoja tu, mnanishaurije?

Mpaka_rangi_Dom
Mkuu msikilize shemeji. Marumaru nyeupe ya kung'aa kwa jua hili la Dodoma, saa nane mchana pazia likiwa wazi utakunja macho humohumo ndani, halafu ukifika ule msimu wa upepo kuanzia Juni huko vumbi jekundu halina mapumziko, umedeki asubuhi mchana unaandika jina kwa kidole, na kama unatumia maji ya kisima chenye chumvi ndo michirizi haiishi. Kama moyo umeganda kwenye marumaru chukua zisizong'aa, rangi ya mchanga.
Ukutani piga rangi ya silki, ile yenye mng'ao kidogo, maana inafutika, ila plasta iwe imenyooka kwelikweli, silki haifichi mabonde. Na usichagulie rangi dukani kwenye kile kikadi! Paka kipande cha mita moja kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni, kiangalie asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka, ndo ununue ndoo.

Mama_wawili_Kisasa
Mi jipsamu naitetea jamani, kwangu ipo moja bapa bila ngazi na imetulia tu. Tatizo ni hizo ngazi na mashimo ya taa, vumbi linalala mle na hakuna wa kupanda kufuta kila wiki.
Kaka angalia sana taa, watu wanamaliza hela kwenye sofa wanasahau balbu. Soma boksi lake: 6500K ni ule weupe wa duka la dawa, 3000K ni wa njano. Sebuleni na chumbani weka 3000K, ule mweupe mkali usiku unachelewesha usingizi. Uuache jikoni na pale watoto wanaposomea.

Mwana_Kondoa
Rangi ya udongo safi sana ila usizungushie kuta zote nne, chumba kitakuwa kizito. Ukuta mmoja nyuma ya sofa unatosha, kwingine krimu. Ukifika Kolo kule Kondoa kwenye ile michoro ya miambani, ile iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006, utaona ule wekundu jinsi unavyokaa vizuri kwenye jiwe la kijivu na majani makavu, ni rangi za huku kwetu kabisa, jicho halishtuki.
Vitu vya Mpwapwa vichache tu, vyenye habari yake. Kibuyu alichotumia bibi, ilimba ya mzee (ile ala ya muziki ya kupiga kwa vidole gumba), kila kimoja kipewe nafasi yake kipumue. Ukijaza ukuta mzima inakuwa duka la vinyago.

Mpangaji_AreaC
Na sisi tuliopanga, mwenye nyumba hataki hata msumari?

Mama_wawili_Kisasa
Mdogo wangu anza na balbu, hiyo unahama nayo. Kisha pazia mbili, jepesi la mchana na zito la dirisha la magharibi, na mkeka mkubwa wa ukindu ufunike hiyo sakafu usiyoipenda. Vibuyu panga juu ya kabati.

Mkazi_Nzuguni
Asanteni sana, mke wangu kasoma yote hapa kafurahi. Tunaenda na niru, ukuta mmoja udongo, silingibodi bapa. Ila kwa jirani niru imepasuka kila kona, hilo linanitisha.

Mpaka_rangi_Dom
Nyingi zinapasuka sababu zimekauka haraka. Funga madirisha upepo usipite, imwagiliwe asubuhi na jioni wiki nzima isipungue, na sofa zisiingie kabla. Ile poda nyekundu fundi aipime kwa kopo moja kila anapokoroga, na chumba kimalizike siku hiyohiyo, akilaza nusu hadi kesho utaona mstari katikati na hautoki tena.