Umeme ukikata simu yako inabaki hewani mpaka lini? Watu wa Moshi na Arusha tupeane uzoefu

Kwema wakuu. Masika imeingia na sisi wenye wazazi huku mlimani tunajua maana yake, upepo kidogo tu mti unalalia waya, Uru giza, Kibosho giza, Old Moshi giza, mpaka mafundi wapande wautoe. Giza tumelizoea, taa ya sola ipo, kuni zipo. Kinachonikosesha usingizi mimi ni simu. Mama yangu anakaa Old Moshi na binti wa kazi tu, ana presha, na umeme ukikata zaidi ya siku moja napiga naambiwa namba haipatikani. Nampigia jirani yake naye hapatikani. Niko huku Majengo dukani, mvua inanyesha, sijui kama mama ni mzima au simu tu ndo imezima.

Naona watu wengi tukiongelea hili jambo tunawaza chaji peke yake. Chaji ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mnara, maana unaweza kuwa na asilimia 90 na mtandao hamna kabisa. Na huko mtandao ukiwa hamna au unasuasua ndo simu inajimaliza haraka, inahangaika kutafuta mnara muda wote na inatumia nguvu nyingi kuliko ikiwa imetulia.

Naanza na langu. Nilimnunulia mama kitochi cha pembeni, kina laini yake, kinakaa kabatini kimezimwa kikiwa kimejaa chaji, kila Jumapili binti anakiwasha anaangalia kisha anarudishia chaji. Umeme ukikata tunajua kabisa kwamba kinawashwa saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, tunaongea dakika chache, kinazimwa. Mimi nikiwa na la kusema nje ya hapo natuma SMS badala ya kupiga, maana SMS inasubiri huko kwenye mtandao mpaka atakapowasha, ila simu ya kupiga ikikosa imekosa. Utaratibu huu umenipa amani sana. Ila bado kuna siku mnara wenyewe unakuwa haupo, hapo ndo nataka mnisaidie. Karibuni.

Fundi wa minara, Ngaramtoni

Mkuu umegusa kazi yangu kabisa. Nimezungukia minara miaka mingi, Arusha mpaka Longido huko, ngoja niwaeleze kinachotokea.

Mitambo ya mnara haitumii umeme kama friji yako, inakula umeme wa DC, kama wa betri, wa volti 48, na mabetri yameungwa hapohapo muda wote. Kwa hiyo gridi ikikata mabetri yanapokea mzigo palepale, wewe uliye katikati ya maongezi hata hushtuki. Kuanzia hapo ni mbio. Mabetri mazuri yanabeba masaa kadhaa, yaliyochoka yanaweza kuanguka mapema sana, na kuna minara imeibiwa betri au mafuta ya jenereta (jamani anayeiba betri za mnara anazima simu ya mjamzito wa kijiji kizima, hili linaniuma kuliko mnavyodhani). Jenereta ipo kwenye baadhi, mingine ina sola, mingine haina vyote. Na jenereta inataka mafuta, na mafuta yanataka barabara, na barabara zetu masika mnazijua, gari inakwama tope mnara unaonekana kwa macho.

Sasa la kushika: mabetri yakianza kushuka, mitambo ya 4G inaweza kuzimwa kwanza ili 2G ibaki, kwasababu 2G ndo inabeba simu za kawaida na SMS kwa nguvu kidogo. Kwa hiyo ukiona intaneti imekata usiseme mtandao umekufa ukarusha simu kitandani. Ingia kwenye settings upande wa mtandao, chagua 2G tu, subiri kidogo, piga. Mara nyingi unapata. Na simu ikiwa kwenye 2G chaji nayo inakaa zaidi.

La pili, laini mbili. Wengi mna laini mbili mnajua mko salama. Mnara na mtandao ni vitu viwili, kuna kampuni kama Helios Towers kazi yao ni kumiliki minara na kupangisha, mitandao zaidi ya mmoja inaning'iniza vifaa vyake kwenye chuma kimoja na umeme mmoja. Kwa hiyo laini zako mbili zinaweza kufa dakika moja. Namna ya kujua ni kuangalia, umeme ukikata muda mrefu tazama ipi inapotea kwanza, zikipotea pamoja mara kwa mara tafuta laini ya mtandao wa tatu uone.

Mwanzisha mada

Fundi ubarikiwe, hii ya minara kupangishwa nilikuwa siijui na laini zote mbili za mama huwa zinapotea pamoja! Nampelekea laini nyingine wiki hii hii.

Nesi, Moshi mjini

Naomba niongeze moja tu maana kazini kwangu naona watu wanachelewa kuja kwa sababu hii. Simu ikiandika "simu za dharura tu" watu wanajua haifanyi kazi. Inafanya. Mara nyingi maana yake mtandao wako haupo hapo ila mtandao wa kampuni nyingine upo, na 112, namba ya dharura, inapita kwenye mtandao wowote inaoukuta. Mfundisheni binti wa kazi, mfundisheni mtoto wa darasa la tatu, mwandikieni ukutani kwa maandishi makubwa karibu na mahali simu inapokaa. Na namba zenu pia ziandikeni kwenye karatasi, zote ziko kwenye simu na simu ikizima hakuna anayeikumbuka namba ya baba yake kichwani.

Wakala, Mbuyuni

Mi niko sokoni nafanya miamala. Simu kubwa sizitegemei kabisa siku ya giza. Ile Jumatatu ya Pasaka, Aprili 1, 2024, gridi ya taifa ilipopata hitilafu na watu wakaamka hamna umeme, wateja walinijia mapema wengine hela zao zote ziko kwenye simu na simu zina asilimia mbili. Menyu ya kupiga nyota hadi reli haihitaji intaneti, inapita hata 2G, kwa hiyo kitochi changu kilifanya kazi kama kawaida wakati wenye kutumia app wamekaa wanasubiri. Betri ya kitochi unaitoa, mi nina za akiba, moja ikiisha nachomoa naweka nyingine kazi inaendelea. Na nyumbani hakikisheni kuna hela ya karatasi kidogo ya boda na dawa, mtandao ukipotea kabisa hata wakala hana cha kukusaidia.

Mzee wa Njiro

Vijana hamjambo. Mmesahau simu ya mezani. Mimi ninayo ya TTCL ya waya wa shaba, ya zamani, inakaa sebuleni. Umeme wa simu ile hautoki kwenye soketi ya nyumba yangu, unatoka kituoni kwao kupitia nyaya zilezile zinazoleta sauti, nako kule kuna mabetri na jenereta. Mgao wa 2023 mtaa mzima kiza na simu inalia ngriii. Lakini iwe ile yenye mkonga uliofungwa kwa kamba yake. Zile za mkonga wa kutembea nao hazifai, kile kikalio chake kinachomekwa ukutani, umeme ukikata inakufa.

Mdau wa Sakina

Shikamoo mzee. Nina swali, mimi nimevutiwa fiber nyumbani na simu ya mezani imechomekwa kwenye kile kiboksi cha fiber. Nayo itakuwa hivyohivyo si ndiyo?

Mzee wa Njiro

Marahaba mwanangu. Hapana, hiyo ya kwako ni habari nyingine, ngoja wanaojua fiber wakujibu.

Fundi wa intaneti, Kijenge

Mzee yuko sahihi. Waya wa shaba ulikuwa unabeba umeme, fiber ni kioo kinabeba mwanga tu, hakuna hata volti moja inayofika kwako kupitia pale. Kile kiboksi chenye taa za kijani kinakula umeme wa nyumbani kwako, kikizima simu ya mezani imezima, Wi-Fi imezima, na simu za WhatsApp za kupitia Wi-Fi hiyo zimezima.

Ila habari njema ni kwamba katikati ya kituo na nyumba, kwenye fiber nyingi za majumbani, hakuna kifaa kinachohitaji umeme, kile kigawanyio cha kwenye nguzo kinagawa mwanga tu. Kwa hiyo kituoni wakiwa na umeme wao na wewe ukiwa na wako, intaneti inakuwepo hata mtaa mzima uwe giza. Nunua yupiesi (UPS) ndogo ya ruta, ina betri ndani na waya mmoja unaingia kwenye kiboksi. Kabla hujanunua geuza adapta yako usome, kama imeandikwa 12V 1A basi yupiesi lazima itoe 12V hiyohiyo, na ampea iwe 1 au zaidi. Volti ukikosea unaunguza. Na kama kiboksi cha fiber na ruta kwako ni vitu viwili, vyote viwili vinataka umeme, nimeona watu wamewasha ruta peke yake Wi-Fi imejaa halafu hamna kitu kinachofunguka.

Mdau wa Sakina

Asante sana kaka, ndo naigeuza hapa, ni 12V kweli ila ampea ni 1.5.

Fundi wa intaneti, Kijenge

Basi chukua ya 2A uwe na nafasi.

Kijana wa Pasua

Powerbank tu wakuu mbona mnazunguka. Mimi nimechukua ya mAh 30,000 (ujazo wa betri) stendi bei chee.

Fundi simu, Double Road

Dogo hiyo ya 30,000 ni nyepesi kama sabuni ya kipande eeh? Betri za lithiamu zina uzito, ujazo mkubwa haujifichi, ukiibeba mkononi lazima uisikie. Tena hata iliyo ya kweli ya 10,000, namba ile ni ya betri za ndani kwa volti 3.7, ambayo ni kama Wh 37. Ikipandishwa kwenda volti 5 na nyingine ikipotea kama joto unabaki na kama 6,000 za kuingia kwenye simu. Simu ya betri ya 5,000 unaijaza mara moja na kidogo. Watu wanaona wameibiwa kumbe hesabu ndo iko hivyo. Ipime kabla ya masika, chaji simu yako kutoka chini kabisa uone inafikia wapi, usisubiri siku ya giza ndo uijue.

Mpanda mlima, Marangu

Mimi ni mpagazi, kazi yangu yote ni sehemu ambayo hakuna umeme wa gridi. Tangu 2022 TTCL wameweka intaneti kambi ya Horombo huko Kilimanjaro, mita 3,720, kwa hiyo mtandao upo, shida ni chaji na baridi. Baridi inaishusha betri, unaiona ina 60 ghafla inazima, ukiipasha mwilini inawaka tena. Usiku simu na powerbank nalala nazo ndani ya sleeping bag, karibu na tumbo. Na ikiwa baridi ya kuganda usichaji kwanza, ipashe kidogo mfukoni ndo uchomeke, kuchaji betri ya lithiamu chini ya sifuri kunaiharibu kabisa.

Sola ndogo zinasaidia ila kivuli kinaziua, hata jani moja la mgomba likifunika kona ya paneli inaacha kuchaji kama inavyotakiwa. Nyumbani kihambani wazee wanaweka paneli chini ya mgomba isiibiwe halafu wanashangaa. Ipandishe kwenye bati.

Boda wa Uru

Pikipiki yangu nimefungisha chaja ya USB kwenye usukani na nikipanda juu wazee wananipa simu, nazichaji nikiwa njiani nawarudishia jioni. Mwenye mzazi Uru aongee na boda anayemfahamu, hili jambo ni dogo sana kwetu na wengi tutakubali.

Mwanzisha mada

Wakuu nimejifunza mengi. Laini ya tatu, 2G, karatasi ukutani yenye 112 na namba zetu, hayo nayafanya Jumamosi nikipanda. Boda wa Uru nakutafuta, mama yuko ng'ambo tu ya kwenu. Swali langu la mwisho ni kwa wale ambao mnara unazima kabisa siku mbili tatu, mnafanyaje wazee wasipotee?

Mama wa Machame

Baba, kwetu huko juu tuligawana nyumba. Kila nyumba yenye kijana ina wazee wake wawili watatu wa kuwapitia asubuhi mtandao ukipotea, anauliza hali, anaangalia dawa, anachukua simu zao. Halafu kijana mmoja anashuka mpaka barabarani kule mtandao unakoshika akiwa na daftari, anawatumia watoto wa mjini ujumbe mmoja mmoja, "mama mzima, amekula, dawa ya presha imebaki ya siku nne". Simu anaziacha kanisani, kuna sola na inveta. Kila simu inabandikwa plasta nyuma imeandikwa jina la nyumba, maana vitochi vyote vinafanana na mwanzoni zilikuwa zinachanganywa. Wagonjwa na wajawazito simu zao zinachomekwa kwanza. Hatulipani, kila nyumba inachangia shilingi elfu mbili kwa mwezi ya betri. Ongea na balozi wa kwenu Old Moshi, aanze hata na nyumba tano zinazomzunguka mama.