Naomba ushauri: SUV ndogo ya kubeba samaki na kuvuta boti, Malindi

UmmuSalma_Mayungu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi nachuuza samaki hapa Malindi, na baba watoto ana boti ya faiba ya mita tano na nusu, huiegesha Mayungu. Tumedunduliza miaka mitatu na sasa twataka gari moja la nyumbani. Mawili hatuyawezi.

Kazi zake ni hizi. Mara tatu kwa wiki nachukua samaki Mayungu, wakati mwingine Ngomeni, nawapeleka Kilifi au Mtwapa. Siku nyingine ni watoto, shule na madrasa, sokoni, hospitali. Halafu ile boti: kusi ikichachamaa twaipandisha juu, na ikiharibika lazima ifike kwa fundi mjini. Hiyo ni mara nne au tano kwa mwaka. Mpaka leo twakodi lori na vijana kumi, na kila nikilipa roho yaniuma.

Dalali wa Mombasa ana X-Trail ya 2012, cc 2000, aniambia "mama, hii yavuta chochote." Shemeji yangu asema CX-5 ya dizeli. Baba watoto moyo wake uko kwa Escudo 2.4 aliyoiona Watamu. Mimi swali langu ni hili: mtu asiye fundi atajuaje gari labeba kilo ngapi na lavuta kilo ngapi kabla hajatoa pesa? Cc kila mtu anitajia. Kilo hakuna anayenipa.

Fundi_Muyeye

Waaleikum salaam mama Salma. Dalali hawezi kukupa kilo kwa sababu cc hazisemi kilo. Hesabu ya kubeba ni hii: chukua uzito wa juu kabisa ambao gari laruhusiwa kuwa nao, toa uzito wa gari likiwa tupu. Kinachobaki ndicho chako, na wewe mwenyewe umo ndani yake, na mtoto, na dumu la maji.

Kuna jambo moja linalowapoteza watu wengi kwenye magari yetu ya kutoka Japani. Ukipata karatasi zake za kule utaona uzito wa gari na uzito wa jumla. Kwa gari la abiria ule wa jumla si uwezo wa springi wala breki. Wao huhesabu kila kiti kilo 55 tu. Viti vitano ni kilo 275, kwa hivyo gari la kilo 1,500 litaandikwa 1,775, liwe gumu au laini. Ukitaka kujua kiwanda chenyewe chasemaje, tafuta kitabu cha gari lilo hilo lililouzwa Ulaya au Australia, injini ile ile, giaboksi ile ile. SUV ndogo nyingi huangukia kati ya kilo 400 na 550 hivi. Na kwa kuwa gari la soko la Japani huenda likawa na springi laini kidogo, mimi humwambia mteja akae chini ya hapo.

Sasa niandikie: samaki kilo ngapi siku ya soko kubwa? Barafu? Makasha yenyewe? Watu wangapi?

Mtu_wa_Probox

Dada, mbona wajisumbua. Probox. Ile iliyosajiliwa Japani kama gari la mizigo imeandikiwa kabisa kilo 400 ikiwa na watu wawili, na 250 ikiwa na watano. Hakuna kubahatisha. Samaki wako watafika.

UmmuSalma_Mayungu

Shukran kaka, lakini Probox na boti mchangani?

Fundi, nimepima leo kwa mizani ya sokoni. Samaki 180, barafu 80, makasha mawili matupu 30. Mimi na kijana wa kupakua, 140. Jumla 430. Nimeshtuka kidogo, nilidhani labda 300.

Fundi_Muyeye

Usishtuke, umefanya vizuri kupima. Ona sasa, mzigo wako wa kawaida wa wiki umeshagusa ukingo wa gari dogo, na boti hatujaitaja. Mtu wa Probox hajakosea kuhusu kubeba: lile gari lilipimwa kwa mzigo, hizi SUV zilipimwa kwa abiria. Na ile 400 yake ni ya mzigo peke yake, watu wawili hawamo, kwa hivyo samaki, barafu na makasha yako, kilo 290, yangeingia; kinachobaki ni boti.

Nahodha_Shela

Mwanangu, mimi nimevuta maboti miaka mingi, ya wenyewe na ya wageni. Nisikilize juu ya trela.

Kwanza, uwezo wa kuvuta hautoki kwa injini peke yake. RAV4 iliyouzwa Marekani mwaka 2019, injini ile ile ya lita 2.5: ya kawaida iliandikiwa paundi 1,500, ambazo ni kama kilo 680. Ile iliyoitwa Adventure iliandikiwa paundi 3,500, karibu kilo 1,590. Nguvu ni moja. Kilichoongezwa ni vya kupoza, rejeta na mafuta ya giaboksi. Joto ndilo linaloua gari linalovuta, na hapa kwetu twaanza safari na nyuzi 30 kabla hata hujawasha.

Pili, trela isiyo na breki. Ulaya haivuki kilo 750 hata ukiivuta kwa gari kubwa, kwa sababu breki za gari ndizo zinazosimamisha vyote viwili. Trela zetu nyingi za boti hazina breki. Kuondoka Mayungu huwa rahisi, shughuli ni tuktuk inapokata mbele yako barabarani.

Tatu, kichwa cha trela. Kama sehemu ya kumi ya uzito wa trela na boti inatakiwa ikae juu ya ndoano ya gari. Ikiwa nyepesi mno trela itayumba kama mkia. Ikiwa nzito mno nyuma ya gari inalala na magurudumu ya mbele hayashiki. Pima kwa mizani ya kupimia watu, weka ubao juu yake. Na kilo hizo zinahesabiwa ndani ya mzigo wa gari. Kwa hivyo samaki na boti siku moja, hapana.

Mwana_Barani

Wazee mwatisha watu. Mimi nimevuta tani moja ya mbao kwa Fielder kutoka Kakoneni hadi Malindi, gari liko hai mpaka leo.

Fundi_Muyeye

Ndugu yangu, nashukuru umefika salama. Lakini kwenye gereji yangu ndipo yanapoishia hayo magari. Mwenye gari huja miezi sita baadaye, giaboksi inachelewa kushika, mafuta yake yamekuwa meusi na yananuka kuungua, naye haihusishi kabisa na ile safari ya mbao. Mama huyu ana gari moja tu, na watoto ndani yake. Tafadhali tusimpe mfano huo.

Salim_NBI

Niko Nairobi ila nyumbani ni Mambrui. Nizungumzie nguvu ya kila siku, maana hapo ndipo watu hudanganywa na namba.

X-Trail ile ya 2.0 ya petroli ina farasi 137 na torki ya Nm 200, lakini hiyo 200 unaipata injini ikizunguka 4,400 kwa dakika. CX-5 ya dizeli 2.2 ina farasi 175 na Nm 420, tena kwa mizunguko 2,000. Torki ndiyo ile nguvu ya kusukuma gari liondoke. Ukiwa na mzigo, X-Trail lazima uikanyage ipige kelele ndipo iende, CX-5 yaondoka taratibu kama haina kitu. Escudo 2.4 iko katikati: farasi 166, Nm 225 kwa 4,000.

Jambo jingine la kufurahisha kwenu pwani. Injini ya petroli isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000. Nairobi iko karibu mita 1,700. Kwa hivyo gari mtu alilolijaribu huku akaliona zito, akilishusha Malindi litamfurahisha. Na kinyume chake pia, mama: gari likikuridhisha Malindi tupu, siku mkilipeleka bara na watoto na mizigo, kuanzia mlima wa Mazeras litaanza kulalamika.

Mimi binafsi CX-5 ingenishika moyo. Ila ile dizeli ina chujio la moshi linalojisafisha kwa mwendo mrefu wa kasi moja. Safari zako za Kilifi zitalisafisha. Ukija kubadilisha biashara ukabaki na shule na soko tu, litaziba, na kulitengeneza ni ghali.

Nahodha_Shela

Umesema vyema Salim. Lakini mchanga nao una hukumu yake. X-Trail na CX-5 nyuma zina klachi ndogo inayopeleka nguvu kwa magurudumu ya nyuma ikihitajika tu. Barabarani na kwenye tope ni nzuri. Ukiizungusha dakika kumi kwenye mchanga mlaini wa Mayungu na boti nyuma, inapata moto na inajizima, wabaki na magurudumu ya mbele yakichimba. Na CVT ya X-Trail, ile giaboksi ya mkanda isiyo na gia za kuhesabika, vivyo hivyo, haipendi kazi ya polepole yenye uzito. Escudo ile ya 2005 kuendelea ina fremu iliyounganishwa na bodi, na ina gia ya chini kabisa ya fowili. Ukiiweka hapo yatambaa, injini haihangaiki. Ile mpya ya 1.6 iliyotoka 2015 haina hiyo, usichanganye jina.

Na hata ukiwa nayo, usilishushe gari mchangani bila sababu. Ngoja bamvua, zile siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu maji yanapojaa sana. Maji yakijaa boti yaja yenyewe mpaka karibu na ardhi ngumu. Gari libaki juu, funga kamba ndefu, trela ishuke kwa mikono, mvute polepole. Siku za maji mafu, maji yasipojaa sana, utavuta hatua mia za bure. Na magurudumu ya trela yakiingia baharini, yaoshwe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, la sivyo beringi zitaisha kabla ya mwaka.

UmmuSalma_Mayungu

Shikamoo babu, na shukran nyote. Nimemsomea baba watoto yote haya, akacheka niliposoma habari ya bamvua. Amesema hata yeye ajua, ila vijana wa lori huja wakati wao.

Nimebaki na swali la Escudo. Dalali asema ni gari la kizamani, niagize jipya zaidi Japani.

Salim_NBI

Kenya gari la kuagiza nje lisizidi umri wa miaka 8, kwa hivyo Escudo ya namna hiyo utapata ya mkononi tu, hapa hapa nchini. Hata X-Trail yake ya 2012 ni ya mkononi. Escudo inakunywa mafuta, ile otomatiki ina gia nne tu, na kwenda Mtwapa mara tatu kwa wiki utaihisi mfukoni. Hilo baba watoto asilifiche.

Fundi_Muyeye

Mama, fanya hivi kabla ya kutoa hata shilingi.

Boti ikienda kwa fundi safari hii, pitieni kwa wauza kokoto wenye mizani ya malori, mpime trela na boti. Halafu kwa Escudo, mwombe mwenyewe akuruhusu kuijaribu na mzigo. Chukua mifuko sita ya saruji, ni kilo 300, na nyinyi wawili ndani. Hiyo ni siku yako ya soko. Kabla ya kupakia, pima kwa futi kamba kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake. Pakia, pima tena. Kisha endesha nusu saa, ufunge breki mara kadhaa mahali pasipo na watu, uangalie joto la injini. Ukirudi, nusa mafuta ya giaboksi.

Tairi nazo zina namba ya mzigo pembeni. 98 maana yake kilo 750 kwa tairi moja, 95 ni kilo 690. Ukikuta mtu ameweka tairi za namba ndogo kuliko kibandiko cha mlangoni, hizo zibadilishwe. Upepo pia uongeze kama kibandiko kinavyosema kwa mzigo kamili.

UmmuSalma_Mayungu

Assalaam aleikum tena, zimepita siku tisa.

Boti tumepima. Trela, boti, injini yake ya farasi 40, tangi na nanga: kilo 760. Tukatoa injini, tangi na nanga, ikabaki 650. Kwa hivyo baba watoto amekubali injini itabebwa ndani ya gari safari yake peke yake, boti safari yake. Amekubali pia kwamba boti ni mara tano kwa mwaka na samaki ni mara mia na hamsini, basi gari tulichague kwa samaki kwanza.

Escudo tumeijaribu kwa saruji. Nyuma ilishuka sentimita 8. Injini haikupata joto, breki nzuri, kwenye kilima cha daraja la Kilifi ilipanda ikinguruma lakini haikurudi nyuma. Kweli inakunywa. Fundi, hiyo 8 ni mbaya?

Fundi_Muyeye

Ni nyingi. Huenda springi za nyuma zimechoka, gari limekaa pwani. Si sababu ya kuliacha, ni sababu ya kupunguza bei. Mwambie mwenyewe springi na shokapu za nyuma ni juu yake, au atoe gharama yake kwenye bei. Lakini mimi naogopa kutu zaidi ya springi. Mahali ndoano ya trela itakapofungwa, ile fremu ya nyuma, igongwe kwa nyundo ndogo yote. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya udongo, na hapo hakuna ndoano ya kufunga. Na kwa ajili ya maji ya samaki, weka trei ya plastiki yenye kingo chini ya makasha kuanzia siku ya kwanza.

UmmuSalma_Mayungu

Mwenyewe amekubali kuileta Muyeye Jumamosi. Waweza kuigonga wewe?

Fundi_Muyeye

Ileteni kabla ya saa tatu asubuhi, jua halijawa kali chini ya gari. Mje na ile karatasi mliyoandika vipimo.