Injini ya ndege ya rimoti imenipiga kidole: naiwashaje kwa mkono kwa usalama?

Baharia_Nyegezi:
Wakuu heshima kwenu. Nipo Nyegezi, Mwanza. Nimenunua ndege ya rimoti iliyotumika, injini ya petroli cc 20, tu-stroki, propela ya mbao. Jumamosi nilifunga choki (kile kifuniko cha kuziba hewa) ili kuvuta mafuta yafike kwenye kabureta, nikawa nazungusha propela taratibu kwa kidole. Ghafla ikapiga teke na kurudi nyuma. Kucha imekuwa nyeusi, kidole kimevimba, ila mfupa mzima, nimepiga picha. Mpwa wangu wa miaka 12 alisimama ubavuni, usawa wa propela kabisa. Hilo ndilo linaninyima usingizi kuliko kidole. Naombeni utaratibu.

PlagiMoto:
Pole sana mkuu. Swichi ya moto wa plagi ilikuwa imewashwa au imezimwa?

Baharia_Nyegezi:
Imewashwa. Nilijua bila kuzungusha kwa nguvu haiwezi kushika.

PlagiMoto:
Basi chanzo ni hicho. Sumaku ikipita mbele ya sensa, plagi inaweza kutoa cheche hata ukizungusha polepole, na mafuta yameshaingia kwenye silinda. Pistoni ikiwa haijafika juu, mlipuko unairudisha ilikotoka, na kidole chako kiko njiani.
Fanya hivi. Swichi imezimwa, choki imefungwa, zungusha mpaka uone mafuta yamefika kwenye kabureta. Fungua choki. Throto, yaani kidhibiti cha mwendo wa injini, iwe chini, juu kidogo tu ya mwendo wa kupumzika. Ndipo uwashe swichi, na kuanzia hapo mkono usiguse propela. Tumia fimbo. Mimi nina kipande cha mpini wa fagio nilichokivalisha mpira wa bomba la maji. Piga kwa kasi, kinyume cha saa ukiitazama kwa mbele, na fimbo itoke hapohapo.

Mama_Rimoti:
Wengine humu wanasema glavu nene ya ngozi inatosha. Sikubaliani. Glavu inapunguza mchubuko, lakini propela ya inchi 16 ikishika mzunguko inakata ngozi na mfupa pamoja. Vaa glavu ukitaka, na fimbo uwe nayo.

FundiMashine_Kirumba:
Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Kirumba, ndege sizijui sana, ila moto ni moto. Angalia kama moto wa plagi kwenye injini yako unatoka kwenye magneto (sumaku inayozalisha umeme injini ikizunguka) au kwenye betri. Kwenye magneto, swichi inazima kwa kupeleka umeme kwenye chuma cha injini badala ya plagi. Waya wake ukikatika, unazima swichi na plagi bado ina moto! Nimeona kijana akipigwa hivyo kwenye mashine ya boti. Kila siku kabla ya kuanza, hakikisha swichi inazima kweli.

Baharia_Nyegezi:
Ni ya betri, fundi. Asante sana. Na mtoto asimame wapi?

Mama_Rimoti:
Nyuma ya bawa, mbali, asiwe ubavuni wala mbele. Propela ikivunjika, vipande vinaruka pembeni, usawa uleule aliokuwa amesimama. Kushika ndege ni kazi ya mtu mzima, na mkia ufungwe kamba kwenye kigingi hata kama kuna mshikaji. Ikishawaka, zunguka ncha ya bawa uje nyuma ndipo urekebishe sindano ya kabureta, ile skrubu ya kupimia mafuta. Usipitishe mkono juu ya propela. Kanga, mikono mirefu na kamba za shingoni, hapana. Propela yenye ufa itupwe, usiigundishe. Na msiwashie kwenye mchanga wa ufukweni: inaurusha machoni na kuuvuta kwenye kabureta. Tafuteni nyasi.

PlagiMoto:
Nyongeza. Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Injini iliyorekebishwa Dar ikija huku inazidiwa mafuta kidogo, inakuwa nzito kuwaka, na mtu akichoka ndipo anaanza kutumia kidole. Punguza sindano kidogokidogo. Kuhusu kuruka, ulizia kwanza kibali TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga), na kaa mbali na uwanja wa ndege wa Mwanza ulioko Ilemela.

Baharia_Nyegezi:
Mrejesho wakuu. Leo asubuhi kabla ya upepo wa ziwa, kwenye nyasi, mkia umefungwa, shemeji kashika, mpwa yuko nyuma kabisa. Swichi nimeizima na kuikagua mara mbili. Imeshika pigo la nne kwa fimbo. Mpwa anauliza lini atashika rimoti, nimemwambia kwanza ajifunze kunisomea hatua kwa sauti kila ninapowasha.