Fundi, kama huna mita ya kupimia umeme usiguse skrubu ya gari langu

Wazee, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Miezi miwili nimezungushwa na gereji tatu hapa Nairobi kwa ugonjwa mmoja. Gari langu ni Toyota NZE, injini 1NZ-FE. Asubuhi likipigwa stata linashika, linatetemeka kama mtu mwenye homa, kisha linazima. Ili likae, lazima mguu uwe kwenye eksileta dakika tatu nne nzima. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa saba, Kasarani, baridi inauma, watoto wako nyuma na mabegi yao, na mimi navumisha injini hadi ploti nzima inaamka. Likishapata moto, halina neno.

Gereji ya kwanza walisikiliza dakika moja wakasema plagi. Nikanunua nne. Ya pili wakasema pampu ya mafuta, wakaongeza na koili mbili. Jumla shilingi 23,000, na kesho yake gari likazima vilevile. Nilipolalamika nikaambiwa, "Mzee, Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi, zoea tu." Uongo! Hiyo ni hoja ya enzi za kabureta, kifaa cha zamani cha kuchanganya hewa na petroli bila kompyuta. Ndiyo, tuko kama mita 1,700 juu ya bahari na hewa ni haba kuliko Mombasa, lakini injini ya injekta ina sensa ya kupima hewa inayoingia, na kompyuta inapima petroli kulingana nayo. Halafu niambieni, Nairobi hushuka saa mbili asubuhi gari likishapata moto?

Wa tatu ndiye aliyenichoma roho. Alifungua boneti, akachukua bisibisi, akazungusha skrubu inayozuia kipepeo cha throto (mlango wa hewa ya injini), ile hupakwa rangi kiwandani ili mtu asiiguse. Injini ikapanda, akanyoosha mkono apewe pesa. Jioni kwenye foleni ya Roysambu, injini ikiwa moto, mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika ulikaa 1,300 badala ya 700 hivi, na kila nikitia gia ya D gari linaruka kwenda mbele. Ningemgonga mtu! Na asubuhi likatetemeka kama kawaida.

Nikanunua kidude cha Bluetooth kinachotuma taarifa za kompyuta ya gari kwenye simu, nikakichomeka chini ya usukani. Gari lilikuwa limelala nje usiku kucha. Nikafungua swichi bila kupiga stata. Simu ikaonyesha joto la maji ya injini: nyuzi 70. Nikatoka nikashika rejeta kwa mkono. Baridi tupu.

Miezi miwili, na jibu lilikuwa hapo. Injini baridi inahitaji petroli ya ziada kwa sababu sehemu yake inashika kwenye kuta za ndani ya injini bila kugeuka mvuke, na inahitaji hewa ya ziada ili mzunguko upande. Kompyuta ndiyo inayotoa vyote viwili, ikiambiwa kuna baridi. Yangu ilikuwa ikiambiwa injini ina moto. Taa ya injini haikuwaka kwa sababu nyuzi 70 ni namba ya kawaida kabisa, hakuna cha kuishtua kompyuta. Nikachomoa soketi ya sensa ya joto la maji: pini zina ukungu wa kijani. Nikaipima sensa yenyewe kwa mita: ukinzani wa umeme omu 430, namba ya injini yenye moto. Kwa baridi ile ilipaswa kupita 2,500. Kazi ya dakika tano, na hakuna fundi hata mmoja aliyeifanya!

Sensa mpya nimeipata Kirinyaga Road kwa shilingi 1,800, na ile skrubu nikairudisha kwenye alama yake ya rangi. Asubuhi iliyofuata: stata moja, mshale 1,400, ukashuka taratibu mguu wangu ukiwa sakafuni.

Nikadhani yameisha. Kumbe! Niko Thika Road, simu inaonyesha maji hayapandi zaidi ya nyuzi 62. Nimefungua mahali pa thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto: patupu. Nimewapigia wale wa gereji ya pili, wakakiri bila aibu kwamba waliitoa: "Hiyo ni ya nchi za baridi, mzee." Thamostati ya injini hii hufunguka kuanzia nyuzi 80 hivi. Isipokuwepo, maji yanapita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, injini haipati moto wake, na kompyuta inaongeza petroli safari nzima. Petroli ninayolipa mimi, si wao.

Jumatatu naenda kudai thamostati yangu. Na wewe ambaye gari lako halipandi moto, fungua uangalie kama yako ipo kabla hujauziwa plagi nyingine.